Panga Lililoruka Vermont: Historia ya Kuuhesabu Upepo

Mwaka 1934 Palmer Putnam, mhandisi wa Kimarekani aliyesomea jiolojia, alijipatia nyumba Cape Cod, pwani ya jimbo la Massachusetts. Mambo mawili yalimkera hapo: upepo usiokatika na bili kubwa ya umeme. Akaanza kujiuliza kama la kwanza haliwezi kulipia la pili. Vinu vidogo vya kuwashia taa za shamba moja vilikuwa vimeenea Marekani, lakini Putnam hakuwa na haja navyo. Alitaka mtambo mmoja mkubwa utakaoingiza umeme kwenye gridi sambamba na mabwawa na mitambo ya makaa ya mawe.

Mfadhili alimpata mahali pasipotarajiwa. Kampuni ya S. Morgan Smith ya York, Pennsylvania, ilikuwa ikiunda mitambo ya kufua umeme wa maji, na wakuu wake waliona kwamba upepo ungeweza kushika zamu pale mito inapopungua. Watu wazito wakakusanyika. Theodore von Kármán, bingwa wa elimu ya mwendo wa hewa, alishauri kuhusu umbo la mapanga. John Wilbur wa chuo cha MIT alisimamia uhandisi. Sverre Petterssen, Mnorwe mtaalamu wa hali ya hewa, alisaidia kuusoma upepo. Mtaalamu wa mimea, Robert Griggs, aliikagua miti ya milimani iliyopindishwa na upepo ili akisie kutokana na umbo lake kasi ya upepo mahali ilipoota. Hatimaye wakachagua kilima cha Grandpa's Knob, chenye urefu wa mita 600 hivi, karibu na mji wa Rutland katika jimbo la Vermont.

Walichokisimamisha pale hakikuwa na mfano duniani. Kilikuwa na mapanga mawili ya chuma kisichoshika kutu, kila moja likiwa na uzito wa tani 8, na duara lililochorwa na ncha zake lilikuwa na kipenyo cha mita 53. Nguvu yake ilikuwa kilowati 1,250. Usiku wa Oktoba 19, 1941 mtambo uliunganishwa na gridi ya kampuni ya umeme ya Vermont. Kwa mara ya kwanza duniani mtambo wa upepo wenye nguvu ya zaidi ya megawati moja ukaingiza umeme kwenye nyaya za umma.

Tatizo la kwanza lilitokana na upepo wenyewe. Walikuwa wametarajia wastani wa karibu mita 11 kwa sekunde. Vipimo vikaonyesha chini ya 8. Pungufu hiyo si ndogo kama inavyosikika. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu iliyomo ndani yake huongezeka mara nane, na ukipungua, hasara hukua kwa kanuni hiyohiyo. Kwa hesabu ya haraka, upepo walioupata Grandpa's Knob ulikuwa umebeba nguvu inayozidi kidogo thuluthi moja ya ile waliyoipigia hesabu.

Tatizo la pili lilikuwa la chuma. Februari 1943 beringi kuu iliharibika. Marekani ilikuwa vitani, vipuri havikupatikana, na ukarabati ukachukua miaka miwili. Muda wote huo mapanga yalibaki juu ya kilima, yamefungwa yasizunguke, yakipigwa na kila upepo uliopita. Nyufa zilikuwa zimeonekana kwenye shina la mapanga, na mafundi wakazichomelea hukohuko juu. Machi 1945 mtambo ukaanza kazi tena. Alfajiri ya Machi 26, kabla hakujapambazuka, panga moja lilikatika shinani na kuruka kiasi cha mita 230 kutoka mnarani. Fundi wa zamu aliyekuwa juu alipona, akafaulu kuuzima mtambo.

Kwa jumla mtambo ulikuwa umefanya kazi kwa saa 1,100 hivi. Ulikuwa ukizunguka karibu mara 29 kwa dakika, kwa hiyo haukuwahi kufikisha hata mizunguko milioni mbili. Kampuni ikapiga hesabu za gharama, ikaona umeme wa upepo haungeweza kushindana na wa vyanzo vingine, na mradi ukafungwa. Putnam aliandika yaliyotokea katika kitabu alichokitoa mwaka 1948, na kwa miaka mingi watu waliotaka kujenga mitambo mikubwa ya upepo walianzia hapo.

Kilicholivunja panga lile hakikuwa kimbunga. Upepo wa asubuhi ile ulikuwa wa kawaida kwa kilima kile. Bandu bandu huisha gogo: chuma kinachoweza kustahimili mzigo mkubwa mara moja huvunjika chini ya mzigo mdogo uliorudiwa mara nyingi vya kutosha. Jambo hili huitwa uchovu, na wahandisi wa reli walilijua mapema. Katika karne ya 19 Mjerumani August Wöhler alizijaribu ekseli za mabehewa na kuonyesha kuwa kilichokuwa kikizikata ni idadi ya mara ambazo mzigo ulirudi, sawasawa na ukubwa wa mzigo wenyewe. Mwaka 1924 Arvid Palmgren wa Uswidi alitoa njia ya kujumlisha madhara ya mizigo ya ukubwa tofauti. Mwaka 1945, miezi michache baada ya panga la Vermont kukatika, Milton Miner, Mmarekani aliyekuwa akishughulika na ndege, alichapisha njia hiyohiyo kwa namna iliyoenea duniani. Kila mkazo hula sehemu ndogo ya uhai wa chuma, na sehemu hizo zikijumlishwa hadi kufika moja kamili, chuma kimekwisha.

Hakuna chombo ambacho kanuni hiyo inakibana kama mtambo wa upepo. Chukua mtambo unaozunguka mara 20 kwa dakika. Kwa saa ni mizunguko 1,200. Kwa siku, 28,800. Kwa mwaka, zaidi ya milioni 10. Kwa miaka 20 ni milioni 210, kabla ya kutoa vipindi vya utulivu na matengenezo. Katika kila mzunguko panga hubebeshwa mzigo na kupunguziwa. Likishuka upande mmoja uzito wake huliinamisha huku, likipanda upande wa pili huliinamisha kule. Likiwa juu hukutana na upepo mkali zaidi, kwa sababu ardhi, miti na majengo huupunguza upepo wa chini. Likipita mbele au nyuma ya mnara, msukumo hupungua ghafla kisha hurudi. Juu ya hayo yote kuna msukosuko wa hewa: upepo hauji kama ukuta, huja kama mafundo ya hewa yenye kasi mbalimbali, na panga hulipasua kila fundo mara kadhaa kabla halijapita.

Ndiyo maana kuujua wastani wa upepo hakutoshi. Wastani hukuambia utavuna umeme kiasi gani. Tofauti zilizofichwa ndani ya wastani ndizo zinazokuambia mtambo utaishi muda gani.

Shule ya Denmark

Wakati Wamarekani wanaukunja mradi wao, Denmark ilikuwa na kumbukumbu ndefu zaidi. Tangu mwaka 1891 Poul la Cour, mwalimu wa sayansi katika shule ya watu wazima ya Askov, alikuwa akifua umeme kwa kinu cha upepo na kufundisha mafundi umeme wa vijijini. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwaka 1904 alikuwa Johannes Juul. Miaka zaidi ya 50 baadaye, mwaka 1957, Juul akiwa mhandisi wa kampuni ya umeme ya SEAS alisimamisha mtambo Gedser, ncha ya kusini ya kisiwa cha Falster.

Mtambo huo haukuwa na majivuno. Duara lake lilikuwa na kipenyo cha mita 24 na nguvu yake kilowati 200. Ulikuwa na mapanga matatu badala ya mawili, yaliyokaa mbele ya mnara na si nyuma yake, na yaliyofungwa pamoja kwa nyaya ili yasaidiane kubeba mzigo. Upepo ulipozidi, umbo la mapanga lenyewe liliufanya mkondo wa hewa uachane na panga, nguvu ikapungua bila kifaa chochote kugeuka. Ncha za mapanga zilikuwa breki za dharura. Mtambo wa Juul ulifanya kazi kwa miaka kama kumi, hadi 1967, pasipo matengenezo makubwa. Mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970, Wamarekani waliokuwa wanaanza upya walisaidia kuufufua mwaka 1977 ili wauchunguze kwa vipimo.

Wao wenyewe walikuwa wameshapata somo jingine. Mwaka 1975 shirika la anga la NASA lilisimamisha mtambo wa majaribio wa kilowati 100 huko Plum Brook, Ohio, mapanga yakiwa nyuma ya mnara. Mizigo iliyopimwa kwenye mapanga ilikuwa mikubwa kuliko mahesabu. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ngazi iliyojengwa ndani ya mnara ilikuwa ikiuzuia upepo, na kila panga lilipopita nyuma yake lilianguka kwenye pengo la hewa tulivu na kutoka tena kwa kishindo. Ngazi ikaondolewa.

Wajerumani nao walijaribu kuruka hatua. Mtambo wao uliopewa jina la Growian, wenye megawati 3 na duara la kipenyo cha mita 100, ulisimamishwa kwenye ukingo wa Bahari ya Kaskazini mwaka 1983. Nyufa zilionekana kwenye kitovu kinachoshika mapanga, na hadi unafungwa mwaka 1987 ulikuwa umefanya kazi kwa saa 420 tu.

Hata hivyo Ujerumani ilikuwa imeshatoa zawadi kubwa zaidi ya Growian. Ulrich Hütter, mhandisi wa Stuttgart, alikuwa ameunda tangu 1957 mapanga mepesi ya faiba, na namna ya kulifunga shina la panga hilo kwenye chuma cha kitovu bila kulitoboa na kulidhoofisha. Maarifa hayo yalitumiwa na walimu na wanafunzi wa shule za Tvind, magharibi mwa Denmark, waliojijengea wenyewe mtambo uliokamilika mwaka 1978. Duara lake lilikuwa na kipenyo cha mita 54, karibu sawa na lile la Vermont. Uliundwa kuweza kutoa megawati 2, lakini wenyewe waliamua kuuendesha kwa takriban nusu ya nguvu hiyo ili kupunguza mkazo. Zaidi ya miaka 40 baadaye ulikuwa bado unazunguka. Mafundi wengine wa Denmark waliiga mapanga yake kwa vipimo vidogo, na kutokana na karakana za watu hao ikakua biashara nzima.

Serikali nayo iliweka mlango wa kuingilia. Mwaka 1978 kituo cha kupimia mitambo ya upepo kilianzishwa Risø, karibu na Roskilde, na anayetaka ruzuku ya serikali alitakiwa anunue mtambo uliokaguliwa na kuidhinishwa hapo. Kwa hiyo kila fundi wa karakana alijikuta uso kwa uso na mhandisi anayeuliza: breki ngapi, shina linabeba nini, upepo wa aina gani?

Mitambo iliposimama kundi zima

Hadi hapo hesabu zilihusu mtambo mmoja uliosimama peke yake. California ilibadilisha mambo. Kati ya 1981 na 1985 punguzo la kodi liliwavuta wawekezaji, na maelfu ya mitambo yakasimamishwa katika mapito ya Altamont, Tehachapi na San Gorgonio. Mingi ya Kimarekani ilikuwa mepesi na ilivunjika upesi. Mingi ya Denmark, mizito na yenye mapanga matatu, ilidumu. Hata hiyo iliteseka, kwa kuwa ilipangwa kwa safu zilizobanana, kila safu ikivuta hewa iliyokwisha kuchakazwa na safu iliyo mbele.

Mtambo unapochukua nguvu kutoka kwenye upepo huacha nyuma yake mkondo wa hewa yenye kasi ndogo na misukosuko mingi. Mwaka 1983 Niels Otto Jensen wa Risø aliandika maelezo mafupi ya namna mkondo huo unavyopanuka kadiri unavyokwenda mbali na jinsi kasi inavyorudi pole pole. Fomula yake ni nyepesi kiasi cha kukokotolewa kwa kalamu, na mpaka leo wapangaji wa mashamba ya upepo huitumia.

Lakini kasi ni nusu ya habari tu. Mtambo wa nyuma hupoteza umeme kwa kuwa upepo umepungua, na wakati huohuo hupata mizigo mibaya zaidi kwa kuwa upepo umevurugika. Hali huwa mbaya kupita zote pale mkondo unapoufunika nusu tu ya duara lake: upande mmoja panga linapita kwenye hewa dhaifu, upande wa pili kwenye upepo kamili, na badiliko hilo hurudi katika kila mzunguko. Karibu na mwaka 1990 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Neil Kelley walifunga vipimo kwenye mitambo miwili ndani kabisa ya shamba la upepo la San Gorgonio, nyuma ya safu nyingi. Waligundua kwamba mapigo makali zaidi hayakuja mchana wa jua kali, hewa inapochemka. Yalikuja zaidi jioni na usiku, ardhi inapopoa na hewa kujipanga kwa matabaka yanayosuguana.

Barani Ulaya somo lilihamia baharini. Mwaka 1991 mitambo 11 ilisimamishwa Vindeby, kwenye maji ya kina kifupi karibu na kisiwa cha Lolland, ikawa shamba la kwanza duniani la upepo wa baharini. Vipimo vya huko vilimsaidia Sten Frandsen wa Risø kutengeneza njia ya kukadiria msukosuko ambao mitambo jirani huongezeana, na njia hiyo baadaye iliingizwa kwenye viwango vya kimataifa. Mwaka 2002 Horns Rev ikafuata katika Bahari ya Kaskazini, ikiwa na mitambo 80 iliyopangwa kwa umbali wa mita 560, yaani vipenyo 7 vya duara lake. Februari 12, 2008 ukungu ulishuka juu yake, na picha iliyopigwa kutoka angani ikaonyesha mikia mirefu ya hewa nyeupe ikifuatana safu kwa safu. Jambo ambalo Jensen alikuwa ameliandika kwa hesabu miaka 25 nyuma sasa lilionekana kwa macho.

Viwango hivyo vya kimataifa ndivyo vilivyogeuza uzoefu wa karakana kuwa sheria ya kazi. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, ilitoa toleo la kwanza la masharti ya usalama wa mitambo ya upepo mwaka 1994. Katika mfumo uliokomaa baadaye, maeneo yaligawanywa kwa madaraja. La kwanza ni la upepo mkali, wenye wastani wa mita 10 kwa sekunde kwa mwaka, na wenye dhoruba ya mara moja katika miaka 50 inayofika mita 50 kwa sekunde kwa wastani wa dakika 10. La pili ni mita 8.5, la tatu 7.5. Kila daraja lina herufi za msukosuko: A kwa hewa yenye vurugu nyingi, kisha B na C. Mtambo lazima uundwe ili udumu angalau miaka 20 katika hali ya daraja lake.

Dhoruba yenyewe haikusahauliwa. Septemba 2003 tufani ya Maemi ilipopita juu ya kisiwa cha Miyako, Japani, kituo cha hali ya hewa kilipima pigo la mita 74.1 kwa sekunde, na mitambo ya upepo ya kisiwa hicho iliharibika, baadhi ikianguka kabisa. Lakini mahali pengi duniani mitambo haifi kifo cha namna hiyo.

Ukali wa hesabu ya uchovu unaonekana vizuri kwenye panga la faiba. Wahandisi hukadiria kwamba madhara kwa faiba hukua kwa kipeo cha kama 10 cha mzigo. Maana yake, mzigo ukizidi kwa asilimia 10 tu, madhara ya kila mzunguko huzidi mara mbili na nusu. Kwa chuma kilichochomelewa, ambacho kipeo chake ni kama 4, nyongeza hiyohiyo huongeza madhara kwa karibu nusu. Mpangaji anayeisogeza mitambo karibu ili aokoe ardhi na nyaya anaweza kuwa anakata miaka ya mwisho ya mapanga yake bila kuona dalili yoyote katika mwaka wa kwanza.

Upepo wa Turkana

Kenya iliingia katika historia hii kwa mlango wa wanasayansi. Mwaka 1982 Joseph Kinuthia na G. C. Asnani walichapisha matokeo ya vipimo vilivyoonyesha mkondo wa upepo wa kasi usio mbali na ardhi, unaovuma mwaka mzima kaskazini mwa Kenya. Chanzo chake ni umbo la nchi. Upepo wa kusini mashariki unaotoka Bahari ya Hindi hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na katika njia hiyo nyembamba hulazimika kwenda mbio. Wafugaji wa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, hawakuhitaji kuambiwa kuwa upepo upo, ila hesabu ilihitaji tarakimu.

Umeme wa upepo ulikuwa umeanzia Ngong, karibu na Nairobi, ambako mitambo miwili ilisimamishwa mwaka 1993. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya kufua umeme ya Kenya, iliongeza mingine sita ya aina ya Vestas V52, yenye kilowati 850 kila mmoja. Aina hiyohiyo ndiyo iliyochaguliwa kwa shamba la Ziwa Turkana katika kaunti ya Marsabit: mitambo 365, jumla ya megawati 310. Ujenzi uliambatana na ukarabati wa barabara ya kilomita 208, na mitambo yote ilikuwa imesimama mwaka 2017. Nyaya za kilomita zaidi ya 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa zilichelewa, hivyo umeme ukaanza kuingia kwenye gridi Septemba 2018.

Wakati huo kwingineko duniani watu walikuwa wakinunua mitambo mikubwa mara tatu na zaidi. Kwa Turkana udogo ulikuwa na faida. Panga fupi hupita barabarani, hunyanyuliwa na kreni ya kawaida, na hubeba mzigo mdogo mahali ambapo wastani wa upepo huzidi mita 10 kwa sekunde, yaani juu ya kiwango cha daraja la kwanza. Mwelekeo wa upepo nao husaidia. Kwa kuwa huvuma karibu siku zote kutoka upande uleule, mitambo ya safu moja inaweza kukaa karibu karibu ikiukabili upepo, na nafasi kubwa ikaachwa kati ya safu na safu ili hewa ijirekebishe. Kinachodai uangalifu ni usiku, kwa maana mkondo wa Turkana huwa na nguvu zaidi kuanzia usiku hadi asubuhi, saa ambazo matabaka ya hewa hutofautiana sana kasi.

Linganisha vipimo. Duara la mtambo wa Turkana lina kipenyo cha mita 52, pungufu ya la Grandpa's Knob kwa mita moja. Upepo wake ni mkali kuliko ule wa Vermont. Nguvu yake imepunguzwa, kutoka kilowati 1,250 hadi 850. Mapanga yake hayana uzito wa tani 8 za chuma. Ni matatu, mepesi mno, na hujigeuza yenyewe upepo ukizidi ili yaupishe. Mtambo wa Putnam uliishia chini ya mizunguko milioni mbili, na huu wa Turkana ulivuka idadi hiyo katika miezi michache ya kwanza. Wahandisi hawakupata chuma chenye nguvu kuushinda upepo. Walijifunza ni mizigo gani inarudi, mara ngapi, na saa ngapi, kisha wakaunda mtambo unaoikwepa.

Hesabu hiyo haijafungwa. Mkataba wa kuuza umeme wa Turkana ni wa miaka 20, nao uhai wa mitambo ulipangwa kwa miaka hiyohiyo, kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 2030 mambo haya mawili yatafika ukingoni pamoja. Mitambo ya Vindeby ilifanya kazi miaka 25 kabla ya kung'olewa mwaka 2017, na wa Tvind umekwenda mbali zaidi, kwa hiyo kuongeza muda si ndoto. Ila atakayeamua kama panga la safu ya nyuma lina miaka mitano zaidi au halina hata mmoja hataamua kwa kulitazama, kwa sababu uchovu huanzia ndani. Atahitaji kumbukumbu za kasi, mwelekeo na msukosuko wa upepo tangu mwaka 2018, na za mizigo iliyopimwa mtambo kwa mtambo. Kenya ikitaka kukaa meza moja na mwenye shamba siku hiyo, inapaswa kuwa na nakala yake ya kumbukumbu hizo, na wahandisi wake wa kuzisoma, kuanzia sasa.